Shajara ya mradi: jeni zinazojenga bayofilmu ya Candida, kwenye maabara ndogo hapa Dar

14 Januari 2024: tunaanza, na kwa nini

Kabla sijarudi shule nilikaa miaka minne kwenye maabara ya hospitali, kazi yangu ilikuwa kuotesha damu na mkojo, na kuna kitu kilikuwa kinanisumbua sana. Mgonjwa ana mpira wa mshipani, anapata homa, tunaotesha damu inaota Candida, anaanzishiwa flukonazo, siku mbili tatu anapata nafuu kila mtu anashukuru, alafu homa inarudi na tukiotesha tena ni fangasi yule yule. Daktari akiutoa mpira ndo homa inakatika kweli. Siku moja niliuchana mpira mmoja kwa wembe, nikaupaka rangi nikauweka kwenye hadubini, na mpaka leo ile picha haijanitoka. Ndani kulikuwa na ukoko, yani kama ukoko wa wali chini ya sufuria, seli za duara zimegandia chini, juu yao msitu wa nyuzi, na katikati ute umejaza kila nafasi.

Ule ukoko ndo bayofilmu. Candida akiwa anaelea peke yake dawa inamfikia vizuri tu, ila akishajenga utando ule ute una sukari ndefu zinaitwa beta-glukani ambazo zinainasa flukonazo njiani kabla haijafika kwenye seli. Candida albicans na ndugu yake Candida auris wote wapo kwenye kundi la juu kabisa la orodha ya fangasi hatari ambayo WHO waliitoa Oktoba 2022, kwa hiyo hili sio jambo la maabara yetu peke yake.

Swali la mradi ni nani anatoa amri. Seli ya duara inayoelea inajuaje kwamba sasa ishike plastiki, itoe nyuzi, imwage ute? Mwaka 2012 kundi la Clarissa Nobile na Alexander Johnson kule San Francisco walichukua mutanti 165, kila moja imeondolewa jeni moja ya protini inayowasha au kuzima jeni zingine, wakaangalia zipi zinashindwa kujenga bayofilmu. Zikabaki sita: Bcr1, Efg1, Tec1, Ndt80, Rob1 na Brg1. Ondoa yoyote kati ya hizo, utando unaharibika. Na sita hizo zinashikana zenyewe kwa zenyewe, hii inaiwasha ile, ile inaigusa hii, alafu kwa pamoja zinagusa jeni kama 1,000 kati ya elfu sita na kitu alizonazo Candida. Baadaye zikaongezwa nyingine tatu.

Sisi hatutafuti jeni mpya. Tunataka kipimo kinachosimama hapa hapa kwetu, na vifaa tulivyonavyo, ili siku tukiweka fangasi wa wagonjwa wetu tujue tunachokiona ni fangasi kweli. Naandika kila kitu pamoja na hela, ili mwenye maabara kama yetu asipoteze miezi tuliyopoteza sisi.

18 Februari 2024: tumejaribu kuiondoa jeni wenyewe, tumekwama

Mpango wa kwanza ulikuwa kuiondoa BCR1 kwa mikono yetu. Candida albicans ana nakala mbili za kila jeni, hivyo unafanya kazi mara mbili, unaondoa nakala ya kwanza alafu ya pili. Unatengeneza kipande cha DNA chenye kingo zinazofanana na majirani wa BCR1, katikati unaweka jeni ya ukinzani wa dawa, unakiingiza kwenye seli kwa njia ya lithiamu asetati na joto la nyuzi 44, alafu unamwaga kwenye aga (jeli ya kuoteshea) yenye dawa ya nosiothrisini. Atakayeota ndo kapokea.

Hakuota mtu. Mara ya kwanza tukasema labda seli zilikuwa zimechoka. Mara ya pili tukabadilisha muda wa joto. Mara ya tatu tukaongeza DNA. Mara ya nne tukaweka pembeni hamira ya mikate, ile ya kwenye maabara ya jirani, tukaipa jeni ile ile ya ukinzani siku ile ile dawa ile ile, na hamira ikaota makoloni mamia huku Candida pleti ni nyeupe pee. Hapo ndo tukajua dawa ni nzima na mikono ni mizima, tatizo ni jeni yenyewe tuliyoazima.

Na jibu lipo kwenye jambo ambalo kila anayeingia kwa Candida anatakiwa aambiwe siku ya kwanza. Candida albicans hasomi DNA kama sisi. Viumbe karibu wote wakikutana na herufi CTG wanaweka leusini kwenye protini, Candida anaweka serini. Leusini inakimbia maji na mara nyingi inakaa ndani ya mkunjo wa protini, serini inapenda maji. Jeni yetu ya kuazima ilikuwa imejaa CTG, kwa hiyo kila Candida aliyeipokea alitengeneza protini iliyojikunja vibaya, haifanyi kazi, na dawa ikamuua kama ambavyo haijaingia kabisa. Dawa ya hili ilishapatikana zamani, kundi la Würzburg Ujerumani walitoa mwaka 2004 jeni ya ukinzani iliyoandikwa upya kwa lugha ya Candida. Kama unataka kukata jeni mwenyewe anzia hapo, usiazime kitu cha hamira ya mikate hata kama ni bure.

Hela iliyoenda: dawa ya nosiothrisini Sh 460,000, praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) na vipande vya DNA Sh 310,000, aga na vingine kama Sh 90,000. Tumekaa na Daktari anayetusimamia, akasema tusiing'ang'anie, mutanti zilishatengenezwa na watu na zinatolewa, tuombe. Nimekubali japo moyo uliniuma, nilitaka sana kuitengeneza ya kwangu.

27 Aprili 2024: mutanti zimefika

Tumeomba sita za protini zinazotoa amri, pamoja na mbili ambazo nitazieleza mbele, hwp1 (jina kwa herufi ndogo ni mutanti isiyo na jeni hiyo) na ile isiyo na ALS1 wala ALS3. Vibali na makaratasi wiki saba. Mzigo ulikaa uwanja wa ndege siku 11 na joto lote hili, bahati Candida ni mvumilivu, zote zimeota. Usafirishaji na vibali Sh 780,000.

Mambo mawili hapa.

La kwanza, kabla ya kuamini lebo pima kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mpaka kionekane) kwamba jeni haipo kweli. Tulipima zote nane, saba ziko sawa, ya tec1 ikatoa mstari wa jeni nzima kabisa kwenye jeli. Nikataka kuandika barua ya malalamiko, Daktari akasema rudi kwenye kichupa walichotuma, sio pleti yako. Nikarudi, kichupa ni safi. Mimi ndo niliyechanganya wakati nachora pleti, nilichora mbili kwa pamoja zikiwa wazi. Sasa kila mutanti inachorwa peke yake, nachukua koloni moja tu, napima, alafu nagandisha vichupa vitano vya gliseroli kwenye friza ya -80.

La pili, kila mutanti ilinganishwe na mzazi wake. Nilikuwa nimepanga kulinganisha zote na SC5314, Candida wa kawaida wa maabara, kwa sababu ndo inayojulikana na ndo genomu iliyosomwa mwaka 2004, ila mutanti hizi zilitengenezwa kutoka kwenye wazazi tofauti na baadhi ya wazazi hao walishaondolewa uwezo wa kujitengenezea virutubisho fulani, mfano arginini. Ukilinganisha mutanti yenye njaa ya arginini na SC5314 iliyoshiba, utasema BCR1 imeharibu kumbe ni njaa. Tukaomba na wazazi wake.

11 Mei 2024: pleti ya kwanza, hata wa asili hajajenga

Njia yenyewe kwa kifupi: otesha usiku kucha kwenye YPD (chakula cha fangasi) nyuzi 30, osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi), hesabu, weka seli milioni 1 kwa mililita, mikrolita 100 kwenye kisima cha pleti ya visima 96, acha zishike dakika 90, osha zisizoshika, ongeza RPMI (chakula cha majimaji cha kuotesha seli) mpya, masaa 24 nyuzi 37, osha, paka rangi, soma.

Asubuhi nimefungua inkyubeta, visima vyote vina vumbi jeupe chini, hata vya mzazi. Chini ya hadubini ni seli za duara tupu, hamna uzi hata mmoja. Nilikaa kwenye kiti nikaishiwa nguvu. Mlinzi ndo akasema umeme ulikatika saa saba usiku ukarudi saa kumi na moja alfajiri, na jenereta yetu inabeba mafriza tu.

Joto la 37 ni sehemu ya amri yenyewe. Ipo protini inaitwa Hsp90 ambayo kwenye ubaridi inaizuia seli isitoe nyuzi, joto likipanda inaelemewa na lile zuio linaachia, kundi la Leah Cowen Toronto ndo walionyesha hilo mwaka 2009. Kwa hiyo masaa manne ya joto la chumba yalimgeuza mzazi mwenye jeni zake zote akafanana kabisa na efg1 ambayo haiwezi kutoa nyuzi. Kama pleti ile ingekuwa na mutanti peke yake bila mzazi, ningeandika matokeo mazuri ya uongo.

Tulichofanya: betri ya gari na inveta kwa ajili ya inkyubeta, Sh 520,000 zote mbili, pamoja na kipimajoto kinachokumbuka joto la chini kabisa la usiku. Kipimajoto ni Sh 25,000 na ndo kifaa kimenisaidia kuliko vyote. Kikisema joto lilishuka chini ya 35, pleti inatupwa, hamna mjadala.

Kingine, RPMI yetu ilikuwa ile ya kuotesha seli za wanyama, yenye baikaboneti, ambayo inataka inkyubeta ya gesi ya kaboni. Sisi hatuna. Nje ya gesi ile inageuka pinki, yani inakuwa alkali, na kila pleti inakuwa na pH yake. Tumehamia RPMI yenye bafa ya MOPS, kitu kinachotuliza pH, pH 7.0. Rangi sasa inabaki ile ile asubuhi kama ulivyoiacha jioni.

1 Juni 2024: GV, kingo za pleti, na mkono wangu

Rangi ya kristali vayoleti ya maabara ilikuwa bei juu, nikakumbuka kwamba GV, ile dawa ya zambarau tunayowapaka watoto wakiwa na utando mweupe mdomoni, kiini chake ni hiyo hiyo. Chupa ya duka la dawa Sh 1,500. Ile ya kwetu imeandikwa 0.5%, tukaizimua mara tano. Ikafanya kazi ila mara ya kwanza visima vitupu visivyo na fangasi navyo vilitoka na madoa, kumbe chini ya chupa kuna chembechembe. Ichuje kwanza kwa karatasi ya kuchujia, acha dakika 15 kwenye pleti, suuza, yeyusha rangi kwa ithano, soma. Na lazima uwe na visima vitupu kila pleti maana plastiki yenyewe inakunywa rangi kidogo, hiyo unaitoa. Jua pia kwamba GV inapaka vilivyo hai, vilivyokufa na ute, vyote, kwa hiyo inakuambia ukubwa wa utando na sio uzima wake. Kwa uzima watu wanatumia XTT, ila kwa bei yake tumeiacha kwa hatua za mwisho.

Visima vya pembeni vinakauka. Tumeviacha vyote 36 vya ukingoni viwe na maji, tunatumia 60 vya ndani.

Sasa hili la mkono. Pleti tatu mfululizo zilitoka vizuri mno, mzazi zambarau nzito, mutanti zote sita nyeupe, nikafurahi nikamwonyesha kila mtu. Dada wa maabara, ambaye yupo kwenye kazi hii kabla mimi sijaanza sekondari, akasimama nyuma yangu wakati naosha pleti ya nne, akanyamaza muda, alafu akaniambia, "Mdogo wangu, mbona visima vya kushoto unaviosha taratibu, vya kulia unapiga maji kama unaosha sufuria?"

Nikasimamisha kazi. Ni kweli. Kushoto ni mzazi, kulia ni mutanti. Sikukusudia hata kidogo, ila mkono wangu ulikuwa unajua jibu tayari na ulikuwa unalitafuta. Bayofilmu ya masaa 24 ni kitu laini, ukipiga PBS moja kwa moja katikati ya kisima inanyanyuka kama ngozi ya maziwa inavyonyanyuka ukiipuliza, inaondoka nzima nzima. Pleti zote tatu nimezifuta kwenye daftari la matokeo. Nilikuwa nimeshaanza kuchora grafu.

Tulivyorekebisha: Dada anabandika namba kwenye vichupa na anakaa na karatasi ya majina kwenye droo yake, mi sijui kisima kipi ni nani mpaka namba zimesomwa. PBS inateremshwa kwenye ukuta wa kisima. Kuondoa maji hatuvuti kwa pipeti, tunapindua pleti mara moja juu ya karatasi laini. Na kila mutanti inatawanywa sehemu tofauti za pleti, sio safu moja.

Baada ya hapo picha ikawa ya kweli zaidi. Efg1 na bcr1 zimebaki chini kabisa kila pleti. Zingine nne ziko chini ya mzazi lakini kuna pleti zinakaribiana, na nikiziangalia kwa hadubini kila moja imeshindwa kwa namna yake.

22 Juni 2024: nimeiona bcr1

Hii naiandika usiku huu huu maana sitaki isahaulike.

Kwa namba za GV, efg1 na bcr1 ni sawa, zote hazina kitu. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naziweka kwenye kapu moja. Leo nikaamua kuzitazama kabla ya kuosha, moja kwa moja kwenye pleti, masaa 24.

Mutanti ya efg1 ni kama mchanga. Duara, duara, duara, hamna kitu kingine. Hiyo nilitegemea, protini ya Efg1 ni mmoja wa wanaotoa amri ya kutoa nyuzi.

Mutanti ya bcr1 ikanishangaza. Kisima kimejaa nyuzi! Ndefu, nyembamba, nzuri, zimesokotana kabisa kama za mzazi, nikadhani Dada kakosea namba. Alafu nikaiinamisha pleti kidogo, kama digrii kumi hivi, na msitu wote ukateleza. Ukaenda upande mmoja kwa pamoja, taratibu, kama majani yanayoelea kwenye ndoo. Nikainamisha upande wa pili, ukarudi. Kisima cha mzazi pembeni nikakiinamisha vile vile, hakikutikisika hata uzi mmoja.

Kwa hiyo bcr1 anajua kutoa nyuzi. Asichokuwa nacho ni gundi. Protini ya Bcr1 inawasha jeni za protini za ukutani, ALS3, ALS1, HWP1 na wenzake, hizi zinakaa nje ya seli na kazi yake ni kushika, kushika plastiki, kushikana wenyewe, kushika mwili wa mtu. Hwp1 peke yake ni ya ajabu, vimeng'enya vya seli za mdomo wetu vinaifunga kwenye ngozi laini ya mdomo kana kwamba ni protini yetu. Aaron Mitchell na Nobile walishaonyesha kwamba ukiirudishia bcr1 jeni ya ALS3 tu ikiwa imewashwa kwa nguvu, anajenga tena. Nilikuwa nimesoma hayo mara kumi. Kuuona msitu unateleza ni kitu kingine.

Tangu leo kila pleti inapigwa picha kabla ya kuosha, imelala na imeinamishwa. Kamera ya simu kwenye jicho la hadubini inatosha, kishikio cha simu fundi seremala ametutengenezea kwa Sh 15,000.

27 Julai 2024: RNA, mwezi mzima

Tulitaka kupima wenyewe kama ALS3 na HWP1 zimezimika kwenye bcr1, kwa kupima RNA, yani nakala ambayo jeni inatoa ikiwa imewashwa. Hatua nyingi ni za kawaida sizirudii, ila hizi mbili zimetula.

Moja, ukuta wa Candida ni mgumu na ute wa bayofilmu unakuja pamoja na RNA. Kiti (seti ya dawa za kutolea RNA) tuliyonunua ya seli za wanyama ilitoa karibu sifuri. Tukahamia shanga za kioo za nusu milimita na fenoli ya moto, RNA ikapatikana lakini mashine ikaonyesha uwiano wa 260/230, kipimo cha usafi, uko chini ya 1, yani sukari za ute zimejaa humo, na hatua ya kugeuza RNA kuwa cDNA (nakala yake ya DNA) ikawa inakataa. Kilichotuokoa ni kuishusha RNA kwa lithiamu kloridi badala ya ithano, RNA inashuka chini, sukari nyingi zinabaki juu unazimwaga.

Mbili, DNA iliyobaki. Kisima cha kudhibiti, kile ambacho hakijawekwa kimeng'enya cha kugeuza RNA, kilikuwa kinatoa ishara karibu sawa na sampuli. Maana yake tulikuwa tunapima DNA. Jeni nyingi za Candida hazina introni (kipande cha jeni kinachokatwa na kutupwa kwenye RNA) kwa hiyo huwezi kuweka praima zinazovuka, ila jeni ya ACT1 inayo. Tukatengeneza praima za ACT1 zinazozunguka introni yake, ukiona mstari mkubwa kwenye jeli ni DNA, ukiona mdogo peke yake ni cDNA safi. Kipimo cha jioni moja, na sasa hamna sampuli inaendelea bila kupita hapo. Tulikuwa tunatumia DNase, kimeng'enya cha kukata DNA, mara moja, tukahamia mara mbili.

Matokeo: kwenye bcr1 ALS3 na HWP1 zimeshuka sana kulinganisha na mzazi, mara tatu tumerudia na mara tatu zimeshuka. Kwenye efg1 pia zimeshuka, inaeleweka kwa sababu amri zile zinapitiana. Huu mtandao hauna swichi moja ukutani, ukizima Efg1 umepunguza na umeme wa chumba cha Bcr1.

Gharama ya mwezi: kiti iliyoshindwa Sh 690,000, fenoli, shanga, DNase na vitu vya qPCR (PCR ya kupima kiasi) Sh 1,150,000. Fenoli ifanyieni kazi kwenye kabati la kuvuta hewa na glavu mbili, mwenzetu alirukiwa tone kwenye kifundo cha mkono na kovu analo.

7 Septemba 2024: mpira, damu ya ng'ombe, na jaribio la kuchanganya

Hapa ndo zile mutanti mbili zinaingia. Wazo ni la Nobile na wenzake, 2008. Als1 na Als3 za seli moja zinashikana na Hwp1 ya seli nyingine, kama tundu na kifungo chake. Mutanti ya hwp1 ina matundu haina vifungo. Ile isiyo na ALS1 na ALS3 ina vifungo haina matundu. Kila moja peke yake shati halifungiki. Ukizichanganya je?

Nalipenda jaribio hili kwa sababu halitaki kukata jeni wala mashine, ni kuchanganya tu nusu kwa nusu. Na tulitaka lifanyike juu ya mpira wa kweli, sio pleti.

Kosa la kwanza, tulinunua mipira ya mkojo ya Sh 3,000 imeandikwa silikoni. Ukisoma vizuri ni ya mpira wa kawaida iliyopakwa silikoni juu. Ilipotoka kwenye otoklevu (sufuria ya mvuke ya kuua vijidudu) ile ngozi ya juu imekunjamana, na fangasi wote, hata bcr1, wakajificha kwenye mikunjo wakaonekana wamejenga. Wiki mbili. Inayotakiwa ni silikoni tupu, inapitisha mwanga ukiitazama, Sh 18,000 mmoja na unatoa vipande zaidi ya 20.

Kosa la pili ni seramu. Kipande kinalowekwa usiku kwenye seramu ya ng'ombe kwanza, maana mpira ukiingia mwilini unavishwa protini za damu ndani ya muda mfupi. Seramu ya dukani hatukuimudu, tukaenda machinjioni alfajiri na chupa safi, wakatukingia damu bila tatizo, ila tukaileta kwa bodaboda na barabara ya mashimo, imefika imetikiswa, seli nyekundu zimepasuka, seramu nyekundu kama juisi ya rozela na ikaziba vichujio viwili. Mara ya pili tuliiacha igande pale pale kwenye kivuli masaa mawili bila kuigusa, tukaibeba kwenye ndoo ya barafu kwenye bajaji, taratibu. Ikatoka ya njano. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22, weka kidogo kwenye aga usiku mzima uone kama inaota kitu kabla ya kuitumia.

Ndipo tukaweka: mzazi, hwp1 peke yake, als1 als3 peke yake, na mchanganyiko, vipande vinne vinne, Dada kaficha majina. Masaa 60 kwa nyuzi 37, ikitikiswa polepole.

Namba saba na namba mbili zilikuwa nene, nyeupe, ukizishika kwa koleo hazibanduki. Zingine mbili utando umebanduka kidogo kidogo unaelea. Dada akatoa karatasi kwenye droo. Namba saba ni mzazi. Namba mbili ni mchanganyiko.

Nimezirudia mara mbili zaidi, ikatoka vile vile. Mutanti mbili ambazo kila moja haiwezi, zimejenga pamoja kwenye kipande cha mpira wa mkojo kilichonunuliwa hapa hapa.

21 Septemba 2024: kilichopo kwenye inkyubeta usiku huu

Jumla mpaka sasa imepita milioni 4 na nusu, bila kuhesabu mishahara. Kama ningeanza na ninayoyajua leo, kata hiyo hela katikati.

Usiku huu nimeweka bcr1 pamoja na hwp1, na bcr1 pamoja na als1 als3. Mutanti bcr1 amepungukiwa vifungo na matundu vyote, kwa hiyo nategemea hatasaidiwa na yeyote kati yao. Lakini protini za ukutani anazozigusa Bcr1 ni nyingi kuliko hizi tatu na kuzimika kwake sio kwa asilimia mia, kwa hiyo namba zikitoka vinginevyo nitaziandika vile vile. Pembeni yake kuna vipande vinne vya fangasi wawili waliotoka wodini, walioota kwenye damu mara mbili mbili, kila mmoja kwa mgonjwa wake, majina hayapo, vibali vipo. Hao ndo niliowaanzia huu mradi.

Kipimajoto kinasoma 37.1. Betri imejaa. Karatasi ya majina iko kwenye droo ya Dada, natoa vipande mtondo saa mbili asubuhi.